Mgeni wa Kumi na Mbili

Mimi ni mtengeneza mihuri. Hapa Bunia tunaiita kashe, na bila kashe hakuna karatasi inayoheshimiwa, iwe cheti cha shule, barua ya ruhusa au hati ya kumuuza mbuzi. Kibanda changu kinatazamana na ofisi za serikali: meza moja, kompyuta moja, jenereta moja inayokohoa. Kwa miaka ishirini na miwili nimewatengenezea mihuri wakurugenzi, wachungaji, vyama vya wauza samaki, na mtu mmoja aliyetaka muhuri wenye jina lake tu, apige kwenye madaftari ya watoto wake. Nilimcheka yule mtu. Halafu nikarudi kibandani nikajitengenezea wa kwangu, wenye nyota mbili.

Nasema mapema ili ujue unashughulika na mtu wa namna gani. Naitwa Floribert. Mke wangu Joëlle anasema kama bugali ingekuwa na upande wa bapa ningeipigia kashe kabla ya kula.

Ugonjwa wangu mwingine ni programu. Watu wakiwa na arusi au msiba wananiita niwaandikie programu, namba moja hadi namba ya mwisho, na saa pembeni. Siku yenyewe nasimama mbele na karatasi yangu, nikiwanyamazisha wajomba wanaotaka kuongeza neno. Nina sauti nzuri kwa kazi hiyo. Wajomba hawanipendi.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Mama yetu alikufa miaka mitatu iliyopita, nyumbani kwetu karibu na Mahagi. Alituzaa wawili tu, dada yangu mkubwa Domitille na mimi. Domitille aliolewa zamani huko Nebbi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Mama alipofariki, yeye alikuwa Kampala kufuata bidhaa za duka lake. Alipanda basi usiku uleule, na asubuhi alipofika Nebbi akanipigia simu kuuliza tunazika saa ngapi.

Uganda wako mbele yetu kwa saa moja. Saa nane yetu ni saa tisa yao. Kila mtu wa Mahagi anajua hesabu hiyo toka utotoni, na ndiyo maana tunaikosea. Mazishi yalikuwa saa nane. Mimi, kwa ustaarabu wangu, nikamhesabia dada yangu kabisa nikamwambia, "Saa tisa." Sikusema kwamba ni saa ya kwao. Domitille naye, ambaye miaka yote huongeza saa moja juu ya kila saa tunayomtajia, akaongeza yake. Akaona anao muda wa kuoga, kukusanya wakwe zake, na kupita sokoni kununua kitambaa kizuri cha kumfunika mama.

Saa nane ikafika, Domitille hayupo. Shangazi yetu Gertrude akanishika mkono. "Floribert, tungojee yaya yako," akasema, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Hata padri akasema, "Miye sina haraka, tunaweza kungoja." Nikaangalia karatasi yangu. Namba saba: mazishi, saa nane kamili. Chini yake, muhuri wenye nyota mbili. Nikatangaza mbele ya watu wote, kwa Kifaransa ili iwe na uzito, kwamba programu ni programu. Tukazika.

Domitille alifika saa tisa na dakika tano, na wakwe kumi na wanne nyuma yake, na kitambaa mikononi. Udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa. Aliniuliza neno moja tu: "Ulishindwa kuningojea?" Mimi nikaanza kumweleza habari za saa. Nilieleza vizuri mno, hata nikachuchumaa nikamchorea kwa kijiti, huku Kongo, huku Uganda. Nilipoinua macho alikuwa ameshatandika kitambaa juu ya kaburi na anaondoka.

Tangu siku hiyo hakusema nami. Simu zangu hakupokea. Baada ya mwezi nilimwandikia barua ya kuomba msamaha, na hapo ndipo mtu mwenye akili angeandika mistari miwili ya moyoni. Mimi niliweka namba ya kumbukumbu juu kulia, nikaandika "Kuhusu: hitilafu ya saa katika mazishi", nikaeleza kwa vifungu vitatu, nikapiga muhuri. Joëlle aliisoma baada ya kuituma. Alikaa chini akashika kichwa.

Basi katika habari hii yote ya urafiki wa kimataifa nitakayosimulia, ujue nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka dada yangu aseme nami.

Hapa Bunia niko katika klabu iitwayo Mkono wa Jirani. Kazi yetu ni kuhudumia watu bila malipo. Walinipokea kwa sababu niliwatengenezea muhuri wa klabu bure, na kwa miaka miwili hiyo ndiyo ilikuwa huduma yangu ya kwanza na ya mwisho. Wenzangu nao si kwamba walinizidi sana. Tulikutana kila Alhamisi kusoma ripoti ya Alhamisi iliyopita, ambayo ilisema tulikutana tukasoma ripoti. Siku moja tulipeleka sabuni hospitalini, na picha za siku ile tumezitumia mpaka zimechakaa.

Prezida wetu, Jean-Luc, mwenye famasi, alisikia kwamba Nebbi kuna klabu kama yetu, na kwamba wenyewe wanapanda miti na kuchimba vyoo vya shule. Akaona tufunge nao udugu. Ilihitajika mtu wa kuandika barua na kupanga mapokezi, nikapewa cheo cha Mhusika wa Urafiki wa Nje. Jioni ileile nilikuwa na beji.

Niliwaandikia kurasa nne. Walijibu kwa mistari sita. Walisema wamefurahi, watakuja watu kumi na wawili, na waliomba jambo moja: tuwaonyeshe kazi ambayo klabu mbili zinaweza kuifanya pamoja siku hiyohiyo. Wao wangeleta mabomba. Tulisoma jibu lile mara mbili kikaoni. Sisi tulikuwa tumekwisha kugawana hotuba sita, na hakuna aliyekuwa amefikiria kazi. Mwishowe mtu akakumbuka chemchemi moja iliyo bondeni, chini ya mtaa wetu, ambapo akina mama wanapanga foleni na bidoni zao, madumu ya kuchotea maji, ndani ya matope. Tukasema sawa, wageni watatengeneza chemchemi, sisi tutaikaribisha kazi yao kwa hotuba.

Chini ya barua kulikuwa na majina kumi na mawili. La mwisho lilikuwa la Domitille.

Nililisoma jina lile, nikazima jenereta ili niweze kufikiri, nikaiwasha tena kwa sababu giza la kibandani halikunisaidia. Sikuwa najua kama ameingia katika klabu. Sikuwa najua lolote kuhusu dada yangu kwa miaka mitatu. Nilipomwambia Joëlle, alipiga makofi.

"Mungu amekuletea yeye mupaka hapa hapa, Baba Espoir. Sasa fanya kitu moja. Akishuka mu gari, umukumbatie. Usimupatie karatasi."

Nikasema ndiyo. Kisha nikaenda kumwandikia karatasi.

Nilitunga hotuba ya kurasa nne kwa ajili ya namba tano ya programu, "Neno la Mhusika wa Urafiki wa Nje". Ndani yake ningeongea juu ya mpaka, juu ya damu moja, juu ya dada na kaka waliotenganishwa na saa moja tu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: watu wapige makofi, mkuu wa komini, kiongozi wa serikali wa eneo letu, afute machozi, na Domitille, akiwa amekaa mstari wa mbele, mbele ya macho ya mataifa mawili, akose pa kukimbilia anisamehe. Sasa nikisema kwa sauti naona aibu. Wakati ule niliona ni ujanja wa hali ya juu, na nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati.

Kuhusu saa, sikuacha nafasi ya kosa. Niliandika: saa nne ya Kongo, ambayo ni saa tano ya Uganda. Nilipiga muhuri pembeni ya kila saa. Kisha nilimpigia mkuu wa msafara, mwalimu mstaafu aitwaye Onegiu, mara tatu kumsomea. Mara ya tatu alicheka akasema, "Floribert, na sisi tuna saa mikononi."

Ijumaa walivuka mpaka, wakalala Mahagi. Jumamosi alfajiri wakaondoka kuja Bunia. Wiki ile barabara ilikuwa tulivu, tulimshukuru Mungu. Saa nne kamili ya Kongo basi dogo lao lilisimama pale bondeni, hatua chache juu ya chemchemi, na mwenyeji aliyekuwepo kuwapokea nilikuwa mimi peke yangu, ndani ya suti, kati ya viti mia na ishirini vilivyo tupu. Klabu yangu nzima ilikuwa bado nyumbani inavaa.

Wakaanza kushuka. Nilihesabu kwa macho, nikitabasamu kwa kila mmoja bila kumwona. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Mlango ukafungwa.

Mwalimu Onegiu, mzee mrefu aliyevaa mabuti ya mpira, akaja akanishika mkono. "Wewe ndiye Floribert?"

"Ni miye."

"Dada yako hakufika huku. Amebaki Mahagi asubuhi. Ametuachia neno kwako: yeye iko kwa mama, na atakungojea."

"Atangojea mpaka saa ngapi?"

Mzee akapandisha mabuti yake. "Saa hakusema."

Ungefikiri nilikimbia hapohapo. Ningependa kuandika hivyo. Ukweli ni kwamba nilisema asante, nikaenda kunyoosha mstari wa viti. Nilijiambia kuna watu mia na ishirini wanakuja, kuna mkuu wa komini, kuna mkataba wa udugu wa kutiwa sahihi, na bila mimi hakuna anayejua namba mbili inafuatwa na nini. Nilinyoosha mstari wa kwanza, nikanyoosha wa pili.

Jean-Luc alifika saa tano na nusu, ananukia vizuri. Nikamweleza kwa kifupi.

"Mahagi? Leo?" akasema. "Floribert, leo njo siku ya weye! Bakubwa bako mu njia! Utaenda kesho."

"Ananingojea leo, Prezida."

"Ukienda, ile cheo tutapatia mutu mwingine. Ninakuambia mapema."

Nikasimama. Naungama kwamba nilisimama. Nilikuwa na beji kifuani na niliipenda. Wakati huo wageni walikuwa wamekwisha kuchoka kungoja wenyeji, wamevua makoti, wameingia ndani ya matope na majembe yao, na akina mama wa bidoni wamekunja vitenge wanawasaidia. Mwalimu Onegiu alinyoosha mgongo, akanikuta bado niko pale juu, kati ya viti.

"Bado uko hapa?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeshangaa kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Nikamwachia Jean-Luc programu mikononi, nikapanda juu barabarani, nikasimamisha pikipiki ya kwanza. Motari, dereva wake, aliponisikia nasema Mahagi, aliangalia suti yangu kuanzia kola mpaka viatu, akauliza kama nina hakika.

Kutoka Bunia hadi Mahagi ni mwendo wa saa tano kwa pikipiki, ukijaliwa. Kabla hatujafika Iga-Barrière suti ilikuwa imebadilika rangi. Kwenye kizuizi cha barabarani niliwaonyesha askari beji yangu ya Mhusika wa Urafiki wa Nje. Waliigeuza mbele na nyuma, wakaniambia nikae kwenye benchi pamoja na wauza maharagwe. Nilikaa. Simu ililia mara nane, zote ni Jean-Luc. Ya tisa nikapokea.

"Floribert! Kashe ya klabu iko wapi?"

Nikapapasa mfukoni. Ilikuwa kwangu.

"Tieni sahihi tu, Prezida."

"Bila kashe?"

"Bila kashe."

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo nikadhani ni ya mtu mwingine. Muuza maharagwe aliyekaa karibu nami akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo, miaka mitatu sasa.

Baadaye niliambiwa yaliyotokea Bunia. Hakukuwa na mtu wa kuisoma programu kwa sauti, kwa hiyo hotuba sita zikawa moja, na hiyo moja ilikuwa ya mama mmoja wa bidoni aliyesema asante akaketi. Mkuu wa komini alipoona kila mtu yuko bondeni, naye akavua viatu. Jean-Luc alibeba mawe, na kuna picha ya kushuhudia. Kufikia saa kumi maji yalikuwa yanatoka kwenye mabomba mawili, na mkataba ukatiwa sahihi juu ya kiti cha plastiki, na alama ya kidole chenye matope pembeni. Tangu hapo tumekwisha kwenda Nebbi mara mbili kufanya kazi kwao. Klabu yangu ilizaliwa siku ambayo mimi sikuwepo kuipanga, nami sijui nifurahi au nikasirike.

Lakini njiani sikujua hayo. Njiani nilikuwa na woga tu, kwamba nitafika nikute amekwisha kwenda. Nilimwambia motari aongeze mwendo, akaongeza, nikamwambia apunguze.

Nilifika nyumbani kwetu saa kumi na moja na nusu. Jua lilikuwa bado lipo juu ya migomba. Shangazi Gertrude, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, hakunisalimu. Alinyoosha kidole tu upande wa makaburi.

Domitille alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya mama. Alikuwa amelima majani yote, amefagia, na jembe limelala pembeni. Kichwa chake kilikuwa na mvi ambazo sikuzijua. Aliniangalia nilivyokuwa, mwekundu wa vumbi, na macho mawili meupe, na kwa kitambo nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Shikamoo, yaya."

Akageuka kulisogeza jembe. Mimi nikafanya nilichojua kufanya. Nikaingiza mkono ndani ya koti nikatoa kurasa zangu nne.

"Rudisha ile karatasi, Flori."

Nikairudisha. Ilikuwa miaka mitatu sijaitwa Flori.

"Miye nilikosa maziko ya mama," akasema. "Weye ulikuwa. Niambie ilikuwa namna gani. Yote."

Hapo nikapata nguvu, kwa sababu ni jambo ninalolimudu. Nikamwambia namba moja, wimbo wa kuingia. Namba mbili, sala. Nikamtajia nyimbo zote, somo lililosomwa, padri alisema nini, watu walikuwa wangapi, nani alibeba upande gani. Sikusahau hata kimoja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Hiyo yote ninajua," akasema. "Shangazi alinipatia programu ya weye. Miye ninakuuliza mama. Uso yake ilikuwa namna gani?"

Nikautafuta uso ule kwenye programu.

Namba nne ya programu ilikuwa kumuaga marehemu. Watu walipita mmoja mmoja mbele ya sanduku kabla halijafungwa. Mimi nilikuwa mlangoni, na saa mkononi, naruhusu mtu mmoja kila baada ya sekunde tano, kwa sababu tulikuwa tumechelewa dakika kumi na moja. Walipita majirani. Walipita wajomba. Alipita mwalimu wangu wa shule ya msingi. Alipopita wa mwisho niliangalia karatasi, nikapaza sauti: namba tano. Wakafunga.

Miaka mitatu nilikuwa nimebeba kosa la dada yangu kutopita. Nilikuwa nimelihesabu, nimelichora, nimeliandikia barua. La kwangu sikuwa nimeliona kamwe.

"Yaya, sikumuona. Niliachilia bote bapite. Miye sikupita."

Niliona hasira ya Domitille ikitafuta mahali pa kukaa kwangu na kukosa. Kisha akasogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Kumbe siye bote bawili," akasema. "Ikala."

Nikakaa, na suti yangu na vumbi langu. Alinishika kichwa akakilaza begani kwake, kama alivyokuwa akinishika nikiwa na homa, na nikalia vibaya, kwa kelele, bila mpango wowote, mpaka motari aliyekuwa anangoja kule uani akaja kuchungulia. Domitille naye alianza kulia. Akamwita mama kwa jina lake la ujana, lile ambalo sisi wawili tu tulibaki kulijua, na mimi nikamwita pamoja naye.